Bastola na upanga "wa haramia": nitajuaje siuziwi mbuzi kwenye gunia?

Nahodha_Mdogo

Wadau, habari za muda huu. Naomba msaada wenu kabla sijatoa pesa.

Tangu nikiwa mdogo napenda habari za maharamia, na kinachonivuta si hazina zao bali silaha zao. Nimesoma vya kutosha, sasa nataka kuanza kukusanya vitu ninavyoweza kuvishika. Nimempata mtu anayeuza vitu viwili kwa pamoja na hataki kuvitenganisha.

Cha kwanza ni bastola ya gumegume. Mtutu peke yake unakaribia sentimita 30, kitako kimevishwa kofia ya shaba, na kwenye bamba la mtambo pamechorwa taji na neno TOWER. Cha pili ni upanga mfupi wa baharia. Bapa limenyooka, kinga ya mkono ni bamba jeusi la chuma lenye umbo la namba 8, na mpini nao ni wa chuma, una mifuo ya kuzuia mkono usiteleze.

Muuzaji anasema vyote vilitoka kwenye meli ya maharamia iliyozama mwaka 1718, na ana cheti cha kuthibitisha. Upanga una kutu kidogo upande mmoja. Bastola haina hata doa.

Nitatambuaje kama ni vya kweli? Nikivipata nivitunzeje? Na kuna ndugu yangu anasema ninunue replika tu yaishe. Je, mkusanyaji makini hununua replika?

---

Mzee_Feleji

Nahodha, usiwe na haraka. Pesa ibaki mfukoni kwanza.

Nianze na hiyo meli iliyozama, maana ndiyo inayopandisha bei. Chuma kikikaa baharini miaka 300 hakitoki kikiwa upanga, kinatoka kikiwa bonge. Kutu, chokaa, mchanga na makombe hushikamana nacho hadi huwezi kujua ndani mna nini, ndiyo maana mabonge hayo hupigwa eksirei kabla hayajaguswa na patasi. Mara nyingi chuma chenyewe kimeshaliwa chote na pamebaki uwazi tu wenye umbo lake. Wataalamu humimina resini kwenye uwazi huo ili wapate sura ya kitu kilichokuwemo. Na pale ambapo chuma kimesalia, kimejaa chumvi. Meli ya haramia Blackbeard, Queen Anne's Revenge, ilikwama pwani ya North Carolina, Marekani, mwezi Juni 1718, na mabaki yake yakapatikana mwaka 1996. Mizinga iliyotolewa pale hulazwa kwenye matangi yenye maji ya dawa na kupitishiwa umeme mdogo, na kazi hiyo ya kuitoa chumvi huchukua miaka kwa mzinga mmoja. Kwa hiyo bapa laini lenye kutu upande mmoja halikukaa chini ya bahari tangu 1718. Upanga wenyewe unakikana hicho cheti.

Hata kama ungekuwa umetoka huko kweli, mimi nisingeununua. Mabaki ya meli ni kaburi la watu, na kila kilichomo kina maana kikiwa mahali pake, karibu na vitu vilivyozama pamoja nacho. Ukikitoa na kukiuza kimoja kimoja, historia yote inapotea. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unakataa biashara hiyo waziwazi, nami naona uko sahihi kabisa.

Meli ambazo tuna hakika kwamba zilikuwa za maharamia ni chache mno. Whydah ya Samuel Bellamy ilizama Cape Cod mwezi Aprili 1717, ikapatikana mwaka 1984, na mwaka uliofuata ikaopolewa kengele yenye jina la meli na mwaka 1716. Huo ndio uthibitisho. Kwenye meli hiyo ilipatikana pia bastola iliyokuwa bado imezungushiwa utepe wa hariri, na hicho ni kitu kinachonisisimua kila nikikifikiria, kwa sababu maelezo yaliyochapishwa London mwaka 1724 yanasema haramia Bartholomew Roberts alining'iniza bastola zake kwenye mkanda wa hariri begani. Maandishi na bahari vikakubaliana. Karatasi aliyoandika muuzaji mwenyewe haiko kwenye daraja hilo.

Jambo la pili, na hili wakusanyaji wengi wapya hawaambiwi: maharamia hawakuwa na silaha za aina yao. Hakukuwa na mhunzi wala kiwanda kilichotengeneza "upanga wa haramia". Walitumia walichokikuta kwenye meli walizoteka: silaha za jeshi la majini, panga fupi za wawindaji na askari wa miguu, shoka za kukatia kamba, bunduki za wafanyabiashara. Baharia mwema na haramia waliweza kushika upanga uleule kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo tunachoweza kukusanya kwa haki ni silaha za baharini za zama zile, miaka ya 1690 hadi 1730 hivi, au zinazofanana nazo. Akija mtu kukwambia "hii ilikuwa ya haramia fulani", ukoo wa kitu hicho uwe na maandishi yanayorudi nyuma mkono kwa mkono. Kama haupo, unanunua hadithi.

Tuje kwenye upanga wako. Kinga ya namba 8 na mpini wa chuma wenye mifuo ni umbo la upanga wa jeshi la majini la Uingereza wa mwaka 1804. Hapo Blackbeard ameshakufa zaidi ya miaka 80, maana aliuawa Ocracoke tarehe 22 Novemba 1718. Lakini usisikitike! Kama ni wa kweli, ni upanga wa enzi za vita vya Trafalgar, umetengenezwa kwa ajili ya kazi ileile ya kupanda meli ya adui na kupigana kwenye sitaha nyembamba iliyojaa kamba, mahali ambapo upanga mrefu ungekwama kwenye kila kitu. Mimi ningependa kuwa nao ukutani kuliko mapambo kumi. Panga za aina hii ziliendelea kutengenezwa kwa sura mbalimbali kwa muda mrefu. Uingereza iliziondoa kwenye silaha za mapambano mwaka 1936, Marekani mwaka 1949, ndiyo maana sokoni bado zipo. Ule wa Marekani wa mwaka 1860, wenye kinga ya shaba iliyofunika mkono kama bakuli, huuzwa kila siku kwa jina la maharamia.

Chunguza kutu yake. Kutu ya miaka mingi huwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi, imeshika, na chini yake kuna vishimo visivyolingana. Kutu ya kupikwa kwa asidi huwa ya rangi ya chungwa, imeenea sawasawa, na ukipitisha kidole inaacha unga. Kisha angalia ndani ya vile vishimo kwa kioo cha kukuzia: ukiona mistari ya mashine ya kusagia inapita humo, umepata jibu. Tazama na juu ya mpini, pale ambapo mkia wa bapa umetokeza na kugongelewa kwa nyundo. Ukikuta nati, au alama ya kuchomelea pembeni mwa kinga, ni wa juzi.

Bastola sasa. Neno TOWER na taji ni alama halisi ya silaha za serikali ya Uingereza, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo alama inayoghushiwa kuliko zote. Isikubabaishe. Fanya haya ukiwa mbele ya muuzaji.

Sogeza sumaku kwenye mtutu na kwenye bamba la mtambo. Replika za mapambo nyingi ni aloi ya zinki, haishikwi na sumaku hata kidogo. Mtutu wa shaba nao haushikwi, na bunduki fupi za mdomo mpana za baharini zilikuwa na mitutu ya shaba kwa kuwa haishiki kutu, ila taya inayoshika jiwe la cheche, springi na bamba linalopigwa na jiwe hilo lazima viwe vya chuma.

Angalia skrubu. Skrubu yenye mkato wa msalaba ilianza kusambaa miaka ya 1930. Ukiiona moja tu, ama bastola ni mpya au imechezewa.

Tafuta mihuri ya kujaribiwa, ile inayogongwa mtutu ukishapimwa nguvu kwa baruti, upande wa kushoto wa mtutu, karibu na mwisho wake wa nyuma. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, na muhuri wake mmoja ni herufi V chini ya taji. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813, kwa hiyo muhuri wake hauwezi kukaa kwenye silaha iliyokamilika zama za maharamia hao. Na ukikuta jina la nchi limegongwa kwa herufi ndogo, hicho ni cha baada ya 1890, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za kigeni zitajwe zilikotoka.

Halafu sikiliza mtambo. Vuta kwa dole gumba taya inayoshika jiwe: itagota mara ya kwanza katikati, na hapo kifyatulio hakitakiwi kufanya kazi. Ukiendelea itagota mara ya pili, tayari kwa kupiga. Ishushe taratibu kwa mkono, usiiachie ikajigonga. Mambo yanavyokwenda ni hivi: jiwe hukwangua bamba la chuma, bamba hurushwa mbele na kufunua kisahani, cheche hudondokea baruti kidogo iliyomo, na moto hupenya kwenye tundu dogo ubavuni mwa mtutu hadi kwenye baruti ya ndani. Bamba la bastola iliyofanya kazi lina mikwaruzo iliyoshuka wima, mingine imechimba kweli. Na hilo tundu la moto, kwenye replika nyingi za kutundika ukutani halipo kabisa.

Kama ni ya kweli, HAKIKISHA HAINA RISASI. Silaha za kale hukutwa zimeshindiliwa, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Ukiwa pembeni, si mbele ya mdomo, ingiza kijiti cha mbao ndani ya mtutu hadi kigote, tia alama kwa kalamu pale kinapotokea mdomoni. Kitoe, ukilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya kijiti ikifika penye tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita mbili tatu kabla, kuna kitu mle. Usikichokonoe, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Vivyo hivyo kwa mpira wa chuma wenye uwazi ndani na kitundu juu. Hilo ni guruneti, na halitobolewi na mtu yeyote nyumbani.

---

Mtunza_Vyuma

Mzee kamaliza upande wa kutambua. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi vyuma vya makumbusho, niseme machache ya utunzaji.

Kaka, usiung'arishe huo upanga. Watu huleta vitu vilivyosuguliwa kwa msasa vikimeta kama sahani mpya, na alama za fundi, ngozi ya chuma na nusu ya thamani vimeondoka pamoja na vumbi la msasa. Kinachotakiwa kuondolewa ni kutu hai tu, ile nyekundu inayotoa unga. Weka mafuta mepesi ya mashine, iache inywe, kisha pitisha taratibu sufi ya chuma laini kabisa, ile ya alama 0000, ukifuta mara kwa mara. Ukifika kwenye rangi nyeusi au ya kahawia iliyotulia, acha. Hiyo inalinda chuma.

Baada ya hapo futa mafuta yote na upake nta nyembamba sana ya chembe ndogo. Ile inayotumiwa na makumbusho mengi ilibuniwa na wataalamu wa British Museum. Nta haivuti vumbi kama mafuta yanavyovuta. Shika chuma kwa glavu, kwa sababu jasho lina chumvi, na alama ya dole gumba isiyofutwa leo itaonekana kwenye bapa kwa maisha yote ya huo upanga.

Na usiuhifadhi upanga ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na asidi zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Ala na upanga vikae kando kando, ala ikiwa imejazwa karatasi isiyo na asidi ili isisinyae. Chumba kiwe kikavu, unyevu wa hewa chini ya asilimia 50, na muhimu zaidi usipande na kushuka.

Roberts aliyetajwa hapo juu alikuwa na masharti kwa watu wake, na mojawapo lilimtaka kila mmoja aweke bunduki, bastola na upanga wake safi na tayari kwa kazi. Aliuawa Februari 1722, lakini sharti hilo mimi ningelibandika mlangoni kwangu.

---

Kitara_na_Ala

Naomba nizisemee replika, maana zinadharauliwa bila haki.

Replika zipo za namna mbili. Ya kwanza ni pambo: zinki, au chuma kisichoshika kutu chenye mkia mwembamba kama msumari uliochomelewa kwenye bapa. Hiyo ni ya kutazama tu. Usiizungushe hewani kamwe. Bapa refu la chuma kisichoshika kutu huwa gumu lakini linakatika, na likikatika pale kwenye mkia linaruka. Ya pili ni nakala ya kazi, iliyofuliwa kwa chuma cha kaboni, ikapashwa moto na kupozwa ipasavyo, mkia wake mpana ukapita hadi mwisho wa mpini. Ukiona chuma kimeandikwa 1060, maana yake kina kaboni asilimia 0.60 hivi, na hiyo inafaa upanga.

Mimi nina zote mbili, za kale na nakala, na nakala ndizo zilizonifundisha. Upanga wa kale huwezi kuujaribu. Nakala nzuri inakuonyesha uzito unakaa wapi, kwa nini ncha imeachwa pana, kwa nini kinga imefunika vidole. Bastola ya kale huwezi kuifungua na kuifunga kila wiki. Ya nakala unaifungua, unaona springi inavyosukuma taya, ukirudi kwenye ya kale unajua unachokitazama. Kwa hiyo ndiyo, mkusanyaji makini hununua replika, mradi aiite replika siku atakapoiuza.

Sheria uiangalie mapema, usiagize kwanza ukauliza baadaye. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi mwaka 2008, ila ikaacha za kale na zilizotengenezwa kwa njia za asili. Marekani, sheria ya mwaka 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale. Kwingine gumegume yenye tundu la moto lililo wazi ni bunduki kama bunduki nyingine na inahitaji kibali. Mpini wa pembe ya ndovu una masharti yake ya kuvuka mpaka hata kama ni wa karne ya 18, usiupeleke popote bila karatasi.

---

Nahodha_Mdogo

Wakuu, shukrani sana. Nimerudi kwa muuzaji nikiwa na sumaku, kioo cha kukuzia na kijiti.

Bastola: sumaku imeteleza kwenye mtutu, ikateleza kwenye bamba la mtambo, ikateleza kwenye taya. Skrubu mbili za upande wa kushoto zina mkato wa msalaba. Tundu la moto hakuna, ni kialama kimechorwa tu.

Upanga: sumaku imeshika kila mahali, kwa nguvu. Kutu yake ni nyeusi, haiachi unga, na vishimo havina mistari ndani. Juu ya mpini mkia umegongelewa na sijaona nati. Weusi wa kinga umebanduka pale vidole vinapopita na kwenye ukingo wa chini, kwingine bado upo. Mkononi ni mzito mbele.

Nilipomwonyesha muuzaji sumaku akakubali kuvitenganisha, ila upanga bado anautaja kama wa haramia na bei haijashuka. Nifanyeje?

---

Mzee_Feleji

Hiyo bastola iache hapohapo, au ichukue siku akikuuzia kwa bei ya pambo na kuiita pambo.

Upanga unanipa matumaini. Kulika kwa weusi kwenye kinga ndiko ningekutazama kwanza, kwa sababu wanaoghushi huchakaza kitu kizima, hawajui mkono unapita wapi. Uzito wa mbele nao ni sawa, hizi panga zilikusudiwa kukata. Pima bapa: la 1804 linakaribia sentimita 73. Piga picha pande zote mbili karibu na mpini, mwanga ukitokea ubavuni ili mihuri iliyofifia itoe kivuli, uziweke hapa tuzitazame pamoja kabla hujalipa.

Kuhusu bei, usibishane naye habari za maharamia. Mwombe akuandikie risiti inayosema "upanga wa jeshi la majini la Uingereza, aina ya mwaka 1804", bila neno meli wala 1718, akiweka jina na sahihi yake. Kisha tafuta kumbukumbu za minada zinazoonyesha panga za aina hiyo zilivyouzwa, umwekee mezani. Akikataa kuandika, ondoka. Akiandika, bei mtaongea juu ya upanga ulio mbele yenu, na hiyo risiti itunze, kwa sababu ndiyo karatasi ya kwanza ya kweli ambayo upanga huo utakuwa nayo.